Diski Yenye Doa Jekundu

Nyinyi vijana mna haraka, jamani! Mteja hajakaa sawasawa kwenye benchi, laptop yake mmeshaipasua, skrubu zimetapakaa mezani, na yeye anawatazama tu mdomo wazi. Halafu mnamwambia, "Mama, mazabodi imekufa." Imekufa? Mmeipima saa ngapi? Yule mama anashuka ngazi anajifuta machozi, anajua ule ubao mkubwa wa ndani umekwisha na hela zake zimekwisha, kumbe kilichokatika ni waya wa chaja. Msinikasirikie. Nawasema kwa sababu na mimi nilikuwa hivyohivyo, tena nyinyi afadhali.

Mimi ni Asha. Nimetengeneza kompyuta miaka thelathini kasoro, karibu yote kwenye chumba kimoja cha ghorofa ya kwanza pale Mchafukoge, Dar, juu ya duka la vitasa vya milango. Nimeacha kwa sababu ya macho. Skrubu za siku hizi ni ndogo mno, ikidondoka moja namwita mjukuu, naye akiiona anacheka kwanza ndiyo anaiokota. Mikono bado ipo. Mdomo ndiyo kabisa, kama mnavyoona.

Aliyenifundisha ni Mzee Jayanti, mwenye chumba na mwenye kazi, Mhindi aliyezaliwa mtaa uleule na babake pia. Alianza na redio, akaja taipureta, kompyuta zilipoingia akazipokea kama wageni wa nyumbani. Alikuwa mpole, hakuwahi kunifokea. Ukikosea alikuwa anakaa kimya, anasafisha miwani. Mimi ningependa anitukane yaishe. Familia yao hawali nyama wala samaki, kwa hiyo saa ya chakula yeye alibaki ndani na vyombo vyake vya bati vilivyopangwa ghorofa, mimi nikashuka kwa mama lishe kula kibua changu. Hatukugombana hata siku moja kuhusu hilo. Nawaambia mapema kwa sababu hicho kibua ndicho kiliniponza.

Sasa, laptop isiyowaka. Mzee Jayanti hakuwa anaishika. Alikuwa anaiacha imefungwa mezani, anamtazama mteja, anauliza: mara ya mwisho iliwaka lini, ulikuwa unafanya nini, na inalala wapi? Hilo la mwisho watu walikuwa wanalicheka. Laptop inalala wapi, kwani ni mtoto? Lakini mwenye duka la viungo alipojibu kwamba yake inalala juu ya gunia la bizari, tulijua cha kufanya kabla ya kutoa hata skrubu moja. Tuliifungua, tukapiga chafya mpaka mchana.

Wiki yangu ya kwanza nilijidai najua. Ililetwa mashine haiwaki, nikaifungua yote, nikatoa kila kitu, nikapanga mezani, saa mbili nzima jasho linanitoka. Mzee Jayanti akaja, akatazama, akanyoosha mkono ukutani akawasha swichi ya soketi. Akarudi kukaa, akavua miwani akaanza kuisafisha. Mpaka leo nikiikumbuka ile miwani nasikia aibu.

Basi anzeni na ukuta. Kisha chaja, ipimeni kwa mita, msiamini taa yake, taa inawaka na moto haufiki. Kisha toeni betri, bonyezeni swichi ya kuwashia nusu dakika umeme uliobaki ndani uishe, jaribuni tena. Mashine nyingi zinaamka hapo, na msimwambie mteja ilikuwa kazi ngumu. Ikigoma, toeni memori, sugueni meno yake kwa raba ya penseli ya watoto wa shule, taratibu, rudisheni. Kariakoo vumbi lake lina mafuta, raba inalimaliza. Na kama feni inazunguka lakini kioo cheusi, mulikeni kioo kwa tochi kwa pembeni. Mara nyingine picha ipo, hafifu, iliyokufa ni taa ya kioo tu. Niliwahi kumrudishia bwana mmoja kompyuta yake "iliyokufa" nikiwa na tochi mkononi, akanikumbatia mbele ya mkewe.

Kuna desturi moja lazima niwaeleze, la sivyo hamtaelewa kisa chenyewe. Sisi mafundi wa pale hatukuwa na vifaa vya kutosha, tulikuwa tunaazimana. Unataka kujua kama diski ya mteja ndiyo mbovu? Unakimbilia kwa jirani, unaazima diski yake ya kupimia, unaichomeka, unapiga windo, maana yake unafuta kila kilichomo na kuweka mfumo mpya. Ikiwaka, umejua. Unarudisha diski kwa mwenyewe. Ili vifaa visipotee, kila chumba kilikuwa na rangi yake ya kucha. Ndiyo, hiihii ya wanawake. Tone moja kwenye kona ya kifaa. Sisi nyekundu, Chidi wa Msimbazi bluu, wengine zambarau, wengine ile ya kung'aa. Kifaa chenye rangi ni cha kupimia, mtu yeyote anaweza kukifuta. Kisicho na rangi ni cha mteja, na hakiguswi. Haikuandikwa popote, na haikuwahi kukosewa mpaka nilipoikosea mimi.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Asubuhi alikuja Mwalimu Hidaya, mwanamke wa makamo, sauti imemkauka kama aliyetoka kushangilia mpira. Alikuwa na kikapu, ndani ya kikapu kuna laptop imefungwa kwa kanga. Akaketi, akanieleza. Anafundisha shule ya msingi, na darasa la saba ana watoto sita wasioona. Vitabu vya nukta nundu havitoshi, kitabu kimoja kinagombewa, tena vingine vya zamani. Basi kwa miezi saba kila jioni alikuwa anakaa nyumbani kwake anasoma vitabu vya darasa la saba kwa sauti, anajirekodi kwenye laptop. Asubuhi anaipeleka shule, watoto wanaizunguka, wanasikiliza. Mtihani wa taifa umebaki wiki tatu. Jana usiku laptop imezima, haijawaka tena.

"Una nakala mahali pengine?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nayo kwenye flashi. Nikaichomeka stationari kuchapa mtihani wa majaribio, virusi vikala kila kitu." Akaegemea meza. "Fundi, mashine ikifa nitalia, halafu nitanyamaza. Lakini zile sauti zisife. Siwezi kusoma tena miezi saba. Wale watoto hawana kitu kingine."

Nikamwambia aje saa kumi, asiwe na wasiwasi. Wallahi nilisema hivyo. Na sikumuuliza inalala wapi, kwa sababu nilikuwa na haraka zangu.

Haraka gani? Jumamosi ile mdogo wangu alikuwa anafanyiwa kicheni pati kabla ya harusi yake, na asubuhi hiyo nilikuwa natia alama vifaa vipya vya kupimia. Chupa ya rangi ilikuwa wazi, nyekundu nzuri, na wiki ile sikuwa na sala, wanawake wenzangu wanajua, basi nikaona nijipake na kucha mbili tatu nione itakavyopendeza. Nikaanza na kidole gumba.

Nikaishika laptop ya Mwalimu. Nabonyeza, taa inawaka, sekunde mbili, inazima. Nikasugua memori kwa raba. Wapi! Chaja nzima. Nikasema ngoja nitoe diski niione yenyewe kama ni nzima. Nikaitoa, nikaiweka mezani, na njaa nayo ikanikumbusha kibua. Nikashuka.

Nilirudi nusu saa baadaye nikiwa nimeshiba na nimechangamka. Mezani hakuna diski.

"Mzee, diski iliyokuwa hapa iko wapi?"

"Chidi alikuja kuazima," akasema huku anafunika vyombo vyake. "Ana mashine ya mteja anataka kuipigia windo. Nikampa ile ya mezani."

"Ile ni ya Mwalimu!"

"Ilikuwa na nyekundu, Asha. Hapa, kwenye kona."

Nikatazama kidole changu gumba. Rangi ilikuwa imechubuka upande mmoja. Nilikuwa nimeishika ile diski rangi haijakauka, na nikaipiga chapa kwa mkono wangu mwenyewe: hii ni ya kufutwa.

Mzee Jayanti hakusafisha miwani safari hii. Alinyanyuka, akachukua simu ya mezani akaanza kumpigia Chidi. Haipatikani. Akapiga tena. "Wewe nenda," akaniambia. "Mimi nitaendelea kupiga. Kimbia!"

Nilikimbia. Mama wa miaka arobaini na kitu, na baibui, na kibua tumboni. Kutoka Mchafukoge mpaka Msimbazi si mbali ukiwa unatembea kwa raha, lakini kwa mbio unaiona Dar yote. Nilikata Mnazi Mmoja, nikaingia Kariakoo penye mitumba, wapiga debe wananiita, "Mama, blauzi! Mama, mbona unaikimbia bei nzuri?" Mwenye mkokoteni akapiga kelele nipishe, nikampigia kelele yeye anipishe, akapisha. Muda wote nilikuwa nahesabu kichwani: kufuta diski dakika tano. Kuweka mfumo mpya, nusu saa. Ametoka kwetu saa ngapi? Amefika saa ngapi? Na kila nikihesabu nakuta ameshamaliza.

Nilikuwa nawaona wale watoto sita. Sijawahi kukutana nao, lakini niliwaona wameizunguka laptop, mwalimu anabonyeza, na hakuna kitu.

Nikafika kibanda cha Chidi. Kimefungwa nusu, hakuna mtu, na umeme umekatika mtaa mzima. Nikashukuru Mungu kwa giza, mara ya kwanza maishani mwangu. Jirani muuza mikanda akaniambia, "Chidi kahamia ndani huko, kwenye jenereta. Fuata kelele."

Nikafuata kelele. Ni ujia mwembamba, ndoo, maboksi, jenereta linatetemeka mlangoni, na ndani chumba kidogo kimejaa wanaume. Watano au sita, mafundi wa simu na wabeba mizigo wawili, wote wamekaa kimya. Mafundi wa Kariakoo kimya! Nikajua kuna msiba. Halafu nikaisikia, juu ya ngurumo ya jenereta, sauti iliyokauka ya Mwalimu Hidaya. Inasema mkojo unatoka kwenye figo, unashuka kwa mirija miwili mpaka kwenye kibofu.

"Chidi!" nikapiga kelele.

"Shikamoo dada Asha. Ngoja kwanza, anamalizia figo."

Nikakaa chini, sakafuni hapohapo, na nikalia kwa sauti. Wakadhani nimefiwa. Mmoja akanipa maji.

Nikimpa Chidi nafasi ajitetee, alisema hivi. Kabla ya kufuta diski yoyote huwa anaichungulia kwanza kama kuna singeli au filamu ya kunakili. Aliona mafaili mengi ya sauti, akafikiri amepata albamu nzima. Akabonyeza. Akasikia mtu anasema, "Watoto wangu, kaeni vizuri, leo tunaingia ndani ya mwili." Akacheka, akawaita wenzake waje wacheke. Hawakucheka. "Dada, mimi darasa la saba nilifeli," akaniambia. "Mwalimu wetu alikuwa anachora maharage mawili ubaoni, anasema hizi ni figo, nakilini. Nikanakili maharage. Leo ndiyo nimejua kazi yake. Kumbe zinachuja damu yote! Yote, dada!"

Vijana, kuchungulia mafaili ya mteja ni tabia mbaya. Nimeikemea maisha yangu yote na nitaendelea kuikemea. Lakini siku ile tabia hiyo ndiyo iliyoniokoa. Sijui niwafundishe nini hapo, chukueni mlivyosikia.

Nikarudi Mchafukoge taratibu, diski nimeibana kifuani ndani ya baibui. Mzee Jayanti alikuwa bado anapiga simu. Nilipomwonyesha, akaketi, akapumua. Nikaifuta ile nyekundu kwa dawa ya kusafishia kucha, na kidole changu pia.

"Mwalimu akija utamwambia," akasema.

"Nimwambie nini tena, Mzee? Si imepatikana? Hakuna kilichopotea."

"Ndiyo maana leo ni rahisi kusema. Ingepotea ungesema?"

Ukweli ni kwamba nisingesema. Ningesema mazabodi imekufa.

Saa kumi Mwalimu Hidaya akaja. Nilimpa kiti, nikamwambia yote, kucha, kibua, Chidi, mbio, jenereta. Sikuruka kitu. Alinisikiliza bila kukatisha, mkono mdomoni. Nilipomaliza aliomba aishike diski. Akaishika kwa mikono miwili kwa muda. Nilitaka anitukane.

"Walisikiliza mpaka wapi?" akauliza.

"Figo. Walikuwa wanamalizia kibofu."

"Walielewa?"

"Chidi ameelewa kuliko mimi."

Hapo akacheka, kicheko cha koo lililokauka, mpaka machozi. Mzee Jayanti naye akacheka. Mimi nilicheka mwisho, tena kwa woga. Kisha Mwalimu akaacha kucheka, akaniambia, "Lakini usiniombe mimi msamaha, fundi. Vitabu si vyangu. Utakuja shule uwaambie wenyewe."

Na sasa, kwa kuwa nilikuwa nimenyenyekea, nikamuuliza swali nililoliruka asubuhi. Mwalimu, hii laptop inalala wapi?

"Kabatini, haina shida. Ila nikiwa narekodi naifunga kanga."

"Unaifunga kanga ikiwa imewaka?"

"Kanga mbili. Watoto walilalamika. Waliniambia, mwalimu, mbona kitabu kina upepo? Nikagundua ni feni ya hii mashine, inavuma, wale wanasikia kila kitu. Nikawa naifunika vizuri isivume."

Tukatazamana mimi na Mzee Jayanti. Nikafungua upande wa feni. Wanangu, pamba tupu! Nyuzi za kanga miezi saba, za kila rangi, zimejisokota kwenye feni mpaka feni haizunguki hata ukiisukuma. Ile mashine ilikuwa na akili kuliko mimi. Ikiona feni haigeuki inakataa kuwaka, isije ikaungua. Nikaitoa pamba kwa kibanio, nikapaka dawa nyeupe ya kupoozea joto, feni nyingine nikaazima, yenye rangi, nikairudisha kesho yake nilipomfungia mpya. Nikarudisha diski. Nikabonyeza. Ikawaka. Laiti ningeuliza asubuhi, diski isingetoka ndani kabisa.

Kuhusu upepo, nilimpa kipaza sauti cha waya mrefu. Laptop ikae chumba kingine ivume inavyotaka, yeye asome huku. Na kabla hajaondoka nilinakili zile sauti kwenye flashi tatu, nikampa mbili, moja nikabaki nayo, nikampa na Chidi nakala ya Sayansi kwa ruhusa ya Mwalimu.

Jumamosi, asubuhi ya kicheni pati, nilikuwa darasani kwake. Watoto sita mbele yangu, wakasimama pamoja, "Shikamoo!" kwa nguvu mpaka nikarudi nyuma. Nikawaeleza. Nilikuwa na woga kuliko mbele ya Mwalimu, maana hawa wakikasirika hutaona usoni, utasikia. Nikawaambia kwa saa moja na nusu vitabu vyenu vilikuwa karibu kufutwa, kwa sababu fundi mzima alikuwa anapaka kucha.

Kisha msichana mmoja, Zawadi, akauliza, "Rangi gani?"

"Nyekundu."

"Nyekundu iko vipi?"

Nikababaika. Nikasema nyekundu ni rangi ya kujionyesha, ndiyo maana nimepata aibu. Wakaangua kicheko darasa zima, na nikajua nimesamehewa.

Lakini Mwalimu Hidaya hakuwa amemaliza na mimi. Sauti yake ilikuwa imekwisha, na sura mbili za Sayansi hazijarekodiwa. Akanikabidhi kitabu. Nikasema Mwalimu, mimi ni fundi, si msomaji. Akasema, "Adhabu yako ndiyo hiyo." Akanifungia kipaza sauti shingoni, laptop ikawekwa chumba cha pili, watoto wakaambiwa wanyamaze.

Nikasoma sura ya damu na moyo. Nilikuwa nasoma vibaya, nakwama, nakohoa, narudia. Nikafika mahali pameandikwa, "Tazama mchoro hapo juu." Nikasita. Nikatazama mchoro, nikawatazama watoto. Nikataka kuruka niendelee.

Zawadi akasema polepole, "Fundi, mchoro unasemaje?"

Basi nikaweka kitabu chini. Nikawaambia kila mtu akunje ngumi ya kushoto, moyo wako ndio ukubwa huo. Nikawaeleza kama ninavyomweleza mteja ndani ya mashine yake. Una vyumba vinne, viwili juu, viwili chini, na ukuta katikati usiopitisha kitu. Damu iliyochoka inaingia juu kulia, inashuka chini kulia, inasukumwa mapafuni ikavute hewa. Inarudi juu kushoto, inashuka chini kushoto, na hapo ndipo penye msuli mnene, maana kutoka hapo inasukumwa mpaka kwenye vidole vya miguu. Milango kati ya juu na chini inafunguka upande mmoja tu, damu haina ruhusa ya kurudi. Pitisheni kidole juu ya ngumi, nikawaambia. Anzeni kulia. Sita wote wanapitisha vidole, wananong'ona, juu, chini, mapafu, juu, chini. Yote imo kwenye rekodi, na kukohoa kwangu, na Zawadi akisema, "Rudia mlango." Mwalimu hakukata kitu. Kicheni pati nilifika watu wameshakula.

Wiki tatu zikapita. Siku ya pili ya mtihani, jioni, niko kazini na mashine ya watu imefunguliwa mbele yangu, simu ya mezani ikalia. Mzee Jayanti akaipokea, akasikiliza, akanipa mimi. Ilikuwa Zawadi, kwa simu ya Mwalimu Hidaya, na nyuma yake nilisikia wenzake wanagombania kusema.

"Fundi, swali la moyo lilikuwepo."

"Mmeweza?"

"Wote. Nilikunja ngumi chini ya dawati, nikapitisha kidole, nikakusikia wewe, mpaka na kikohozi chako. Nikajibu."

Mzee Jayanti alikuwa ananitazama, anasubiri nimwambie kuna nini. Nikaziba sikio la pili kwa mkono, kelele za barabara zisiingie, nikamwambia Zawadi arudie, pole pole, aanzie mwanzo.